Barua Moja, Folda Mbili

Kwenye kompyuta nyingi za ofisini, kinachotenganisha kuhamisha barua pepe na kuinakili ni kitufe kimoja. Unaishika barua kwa kipanya, unaiburuta kutoka kikashani hadi kwenye folda uitakayo, unaiachia, nayo imehama. Rudia tendo hilo hilo huku kidole cha mkono wa pili kikibonyeza Ctrl, na barua itabaki pale pale, ila pacha wake atakuwa ameshatokea kwenye folda ya pili. Mkono umepita njia ile ile na skrini haikusema neno. Hata hivyo, katika tendo la kwanza kuna mahali pamebaki patupu, na katika la pili hapakubaki patupu popote. Naamini tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyoipa uzito, na inagusa mambo yanayozidi unadhifu wa kikasha.

Kompyuta yenyewe imetuzoesha vibaya. Kwenye Windows, faili ukiliburuta kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ile ile, linahama. Ukiliburuta kwenda diski nyingine, tuseme flashi, linanakiliwa na la kwanza linabaki. Mashine inakisia nia yako kwa kuangalia umbali. Aliyejifunzia kwenye flashi huamini kwamba kuburuta ni kunakili. Akiingia kwenye barua pepe na mazoea hayo, anaiburuta barua ya mteja kwenda folda ya "Mikataba" akijua ya kwanza ipo kikashani, na kesho yake anaitafuta huko na kuapa kwamba kuna mtu ameifuta. Hakuna aliyeifuta. Barua ilitii amri ambayo yeye hakujua ameitoa.

Inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu barua pepe ilizaliwa na programu ya kunakili. Mwishoni mwa 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alikuwa na programu mbili mkononi. Ya kwanza, SNDMSG, iliwawezesha watumiaji wa kompyuta moja kuachiana ujumbe. Kazi yake ilikuwa kuongeza maandishi mwishoni mwa faili la mpokeaji, basi. Ya pili, CPYNET, ilikuwa jaribio la kunakili mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Tomlinson aliziunganisha. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwenye mashine moja ukaingia kwenye nyingine iliyokuwa jirani yake, ingawa njia pekee iliyoziunganisha ilikuwa mtandao huo. Ndipo pia alipoichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake.

Kwa hiyo tangu siku ile hakuna barua pepe iliyosafiri kama inavyosafiri karatasi. Barua ya karatasi ukishaitumbukiza kwenye sanduku la posta, huna tena. Aliyetaka kubaki na kumbukumbu aliweka kaboni kati ya kurasa mbili, akabakiwa na nakala hafifu. Leo kila anayetuma anabaki na barua yake kwenye folda ya zilizotumwa, mpokeaji anapata ya kwake, na kila seva ya njiani imeishika kwa muda. Nakala zimetuzunguka kiasi kwamba kuhamisha, yaani kitu kuondoka hapa na kuwa kule tu, ni tendo geni katika ulimwengu huu. Lilihitaji kutengenezwa, na lilichelewa sana.

Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alibuni itifaki ya IMAP, lugha ambayo programu ya barua pepe huitumia kuzungumza na seva inayohifadhi barua. Itifaki ya POP, iliyoanza 1984, ilikuwa na desturi ya kuzishusha barua kwenye kompyuta ya mtu na kuziondoa kwenye seva. Crispin alitaka barua zikae kwenye seva, na mwenyewe azisome kutoka mashine yoyote atakayoikalia. Wazo hilo ndilo lililotupa folda zinazofanana ofisini, nyumbani na kwenye simu. IMAP ikawa na amri ya kunakili. Amri ya kuhamisha haikuwamo.

Programu iliyotaka kuhamisha barua ilipaswa kuigiza kwa hatua tatu. Kwanza iliinakili barua kwenye folda mpya, kisha ikaibandika ile ya zamani alama ya kufutwa, halafu ikaiamuru seva ifagie vyote vyenye alama hiyo. Mtumiaji aliona barua ikiruka kutoka folda hadi folda. Kilichokuwa kimetokea kwenye seva ni kwamba ya pili imeumbwa na ya kwanza imefutwa.

Kati ya hatua na hatua ndipo penye hatari. Umeme ukikatika baada ya hatua ya kwanza, una barua mbili. Ukiwa umefungua kikasha hicho hicho kwenye simu, simu inaweza kukuonyesha hali ya katikati: barua ipo pande zote mbili, moja imekatwa mstari. Ufagio wa hatua ya tatu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu katika umbo lake la kawaida haukuchagua. Ulifuta kila barua yenye alama ndani ya folda ile, hata iliyowekewa alama na programu nyingine kwa sababu nyingine. Nyongeza ya kuiwezesha seva ifute barua zilizotajwa kwa namba tu iliandikwa mwaka 1998. Na kikasha kilichokaribia kujaa kilileta mkwamo wa peke yake: unataka kuipeleka barua kwenye taka ili upate nafasi, lakini kuipeleka huko ni kuinakili kwanza, na nafasi ya hiyo nakala haipo.

Amri kamili ya kuhamisha ilitoka Januari 2013, katika waraka namba 6851 wa mfululizo wa RFC, zile nyaraka zinazoeleza jinsi intaneti inavyofanya kazi. Waliouandika ni Arnt Gulbrandsen na Ned Freed. Crispin alikuwa amefariki mwishoni mwa Desemba 2012, kabla tu ya waraka huo kutoka. Ilikuwa imepita miaka 27 tangu abuni itifaki yake. Mwaka 2021 toleo jipya la IMAP liliiingiza amri hiyo kwenye msingi, haikuhesabiwa tena kuwa nyongeza.

Kuna sehemu katika waraka ule wa 2013 ninayotamani kila mtunza kumbukumbu aisome. Inaieleza seva ifanye nini kazi ikikwama katikati, baadhi ya barua zimeshavuka na nyingine bado. Masharti mawili yamewekwa, kwa uzito tofauti. La kwanza ni lazima isiyo na mjadala: kila barua iwepo angalau upande mmoja, isipotee hata moja. La pili limeandikwa kwa lugha laini zaidi: barua haipaswi kuachwa pande zote mbili. Kupotea kumekatazwa, kurudufika kumekemewa. Wale walikuwa wakiandika maagizo kwa watengenezaji wa seva, hawakuwa wakiandika maadili, lakini wameyapanga madhara mawili kwa mpangilio ninaoukubali kwa moyo wote. Barua iliyozidi inaweza kuondolewa wiki ijayo, mtu akiwa ametulia.

Kinachotokea kwenye diski hutegemea namna barua zinavyohifadhiwa. Katika mtindo wa mbox, barua zote za folda huwa faili moja refu, moja ikifuata nyingine. Kuhamisha ni kuyaandika upya maandishi mwishoni mwa faili jingine, na ya zamani hubaki ndani ya lile la kwanza, imefichwa tu, mpaka faili libanwe. Thunderbird imetumia mtindo huo kwa miaka mingi kwenye kompyuta za watu, na wapo wanaodhani wamefuta barua ambazo bado zimo diskini neno kwa neno. Katika mtindo wa Maildir, aliouanzisha Daniel J. Bernstein, kila barua ni faili lake. Kuihamisha ni kubadili anwani ya faili hilo, na hakuna herufi inayosogea. Gmail, iliyozinduliwa Aprili 1, 2004, ilichukua njia ya tatu: badala ya folda ikaweka lebo. Barua ni moja. Unaibandika lebo mbili au tatu, na chini ya kila lebo unaiona. Ni njia nzuri, na nimeisifu mara nyingi, ila anayeitupa barua kwenye taka akiwa chini ya lebo moja ameitupa chini ya lebo zote, na baada ya siku 30 taka husafishwa. Aliyefikiri ana barua mbili alikuwa na moja yenye majina mawili.

Maswali haya yalikuwa na majibu kabla ya kompyuta, katika chumba ambacho vijana wengi wa ofisi leo hupita mlangoni pake bila kuingia: masjala. Mimi nilipoanza kazi nilipelekwa huko kwanza, chini ya karani mzee aliyekaribia kustaafu. Barua ikiingia ilipigwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikwa kwenye rejista, ikapewa namba ya folio, ikafungwa ndani ya jalada lake. Tatizo lilikuja pale barua moja ilipogusa mambo mawili. Mtumishi anaomba uhamisho, na papo hapo anadai malipo ya likizo. Iende jalada lipi?

"Mwanangu," alinijibu mzee yule, "barua ina nyumba moja. Kule kwingine mpeleke shahidi wake, na shahidi aseme ametoka wapi."

Alimaanisha kwamba asili hufungwa kwenye jalada la jambo kuu. Kwenye jalada la pili huwekwa nakala, imeandikwa kwa wino kwamba ni nakala, na kutajwa kwamba asili ipo jalada fulani, folio namba fulani. Jalada lenyewe likitoka masjala, mwendo wake uliandikwa: limekwenda kwa nani, tarehe gani, limerudi lini. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na masjala ilikuwa daftari hilo.

Hicho ndicho ninachokikosa kwenye folda zetu. Nakala ya barua pepe haijijui kuwa ni nakala. Katika kichwa chake kuna namba ya utambulisho iliyopewa wakati wa kutumwa, na namba hiyo ni ile ile kwa zote mbili; tarehe ile ile, mtumaji yule yule, herufi zile zile. Seva huipa kila moja namba ya kwake ndani ya folda, lakini msomaji haioni, nayo haitaji folda ya mwenzake. Hakuna shahidi anayesema ametoka wapi. Barua ikihamishwa, folda ya zamani haibaki na kikaratasi cha kueleza kwamba ilikuwepo, imekwenda wapi, imepelekwa na nani. Waliotengeneza programu hizi waliiga jalada la karatasi hadi picha yake ya rangi ya kaki, wakaiacha nje rejista, ambayo ndiyo iliyolifanya jalada liaminike. Kwangu hilo ni pungufu kubwa, na sioni sababu ya kiufundi ya kuendelea nalo.

Mkulima anaijua tofauti ya matendo haya mawili kwa mikono yake. Mche wa mpunga hung'olewa kitaluni na kupandwa jarubani, na kitaluni hapabaki kitu. Muhogo hukatwa kipande cha shina, kipande kikapandwa shamba la pili, na shina la kwanza likaendelea kukua. Mwaka ukiisha kuna mihogo miwili, kila mmoja na mvua yake na panya wake. Barua iliyonakiliwa nayo huanza kuachana na pacha wake tangu siku ya kwanza. Alama ya kusomwa, ya nyota, ya kujibiwa, kila moja hukaa kwenye nakala yake. Ukijibu kutokea folda ya "Zabuni", ile iliyo kikashani inabaki ikionyesha haijajibiwa. Kama kikasha ni cha ofisi nzima, mwenzako ataikuta, ataijibu tena, labda kwa bei nyingine. Mzabuni sasa ana majibu mawili kutoka meza moja, na yote mawili yana jina la taasisi chini yake.

Kuna madhara mazito zaidi ya hayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia na yake mwaka 2019. Sheria hizi zinampa mtu haki juu ya taarifa zake zilizo mikononi mwa wengine, ikiwamo, kwa masharti yake, kutaka zifutwe. Chukulia mwombaji kazi aliyetuma cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho na ripoti ya daktari. Hakupata kazi, anaomba viondolewe. Ofisa anafuta barua kwenye folda ya "Maombi" na kumjibu kwa nia safi kwamba vimeondolewa. Ile aliyoinakili miezi kadhaa nyuma kwenye folda ya "Usaili" ipo, na ripoti ya daktari imo ndani yake. Ofisa hakukusudia uongo, lakini alichoandika si kweli, na mwenye kuumia ni mtu asiyeweza hata kuingia kwenye kikasha hicho akague.

Basi ndani ya kikasha kimoja, hukumu yangu ni kuhamisha. Wapo wenye folda zilizojaa barua zile zile mara mbili mbili kwa sababu "huenda nikaihitaji huku pia". Naielewa hofu hiyo. Ni hofu ya kutoikuta barua siku inapohitajika. Lakini programu ina kitafutio, na barua yenye folda moja itapatikana kwa jina la mtumaji au kwa neno moja lililomo ndani yake. Kuipa barua folda moja ni kuamua inahusu nini, na uamuzi huo ni kazi halisi ya akili ambayo nakala ya pili huiahirisha tu. Siku ya kusafisha kikasha ikifika, aliyeahirisha atakuwa na kazi hiyo mara mbili, tena akiwa amesahau mazungumzo yenyewe.

Hukumu hiyo hugeuka pale barua inapovuka mpaka wa kikasha, ikatoka kwa mwenyewe kwenda kwa mwingine. Kitu kinachowahusu watu wengi hudumu kwa kunakiliwa. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi kwenye mwambao wa Lamu na Pate karibu na mwaka 1858, na tunao leo kwa sababu ulinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, na waliotaka kuwa nao. Nakala hizo hazilingani kila mstari, na wataalamu wana kazi ya kuzilinganisha. Ni kazi njema. Aliyenakili hakumwacha mwenye utendi mikono mitupu.

Mfano wa kinyume chake tunao karibu, na ni mchungu. Kenya ilipokaribia uhuru wa Desemba 1963, maofisa wa serikali ya kikoloni waliyagawa majalada mafungu mawili. Moja lilikuwa la kurithiwa na serikali mpya. La pili lilipewa alama ya W, na ni maofisa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya tu walioruhusiwa kulishika. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni, alikuwa ameelekeza kwamba serikali zinazokuja zisikabidhiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Mengi yalichomwa moto. Mengine, takriban majalada 1,500, yalipakiwa na kupelekwa Uingereza. Maagizo yaliingia hadi undani huu: jalada la siri likichomolewa katikati ya majalada ya kawaida, litengenezwe la bandia lishike nafasi yake, ili atakayekuja asione pengo.

Yalihamishwa. Nairobi haikubakiwa na nakala. Serikali ya Kenya iliyaulizia tangu miaka ya 1960 na haikuyapata. Mwishowe yalikuwa yamelala Hanslope Park, kituo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza katika Buckinghamshire, mpaka wazee wa Kenya waliofungwa kambini na kuteswa wakati wa vita vya Mau Mau, Ndiku Mutua na wenzake, walipofungua kesi London mwaka 2009. Kesi hiyo ndiyo iliyoilazimisha wizara kukiri mwaka 2011 kwamba majalada yapo. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Majalada yalianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, yakapewa namba ya mfululizo FCO 141, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Asili ziko Kew. Kenya ina jengo lake la nyaraka katikati ya Nairobi, watu hukutania mbele yake kila siku, na mwanafunzi wa Nyeri anayetaka kuzishika kwa mkono karatasi zinazoeleza jinsi babu yake alivyofungwa atahitaji viza.

Kwa karibu miaka 50 ushahidi ulikuwepo na haukuweza kutumika. Waliokuwa vijana kambini walizeeka. Wengi walikufa kabla ya hakimu yeyote kuwasikiliza. Ninapoona kitufe cha kuhamisha nikiwa na barua ya watu wengine mkononi, hao ndio ninaowafikiria.

Mtumishi anayeacha kazi hana nia ya Macleod, na sitaki kumlinganisha naye kwa nia. Kinacholingana ni pengo linalobaki. Kikasha chake kina miaka yake yote ya utumishi, ya binafsi na ya ofisi yamechanganyika. Anaunganisha akaunti ya ofisi na ya kwake kwenye programu moja. Zinajipanga kushoto mwa skrini kana kwamba zote ni zake. Anachagua barua zote, anaburuta. Programu haimwambii kwamba amevuka mpaka. Kwa seva, hizo ni dunia mbili. Ile amri ya mwaka 2013 hufanya kazi ndani ya akaunti moja, kwa hiyo hapa programu inashusha kila barua, inaipandisha upande wa pili, kisha inaifuta ya kwanza. Bando likiisha katikati, au seva ya pili ikikataa kiambatisho kikubwa, hajui tena kipi kimefika. Baadhi ya programu hupoteza hata saa ya kupokelewa, na barua za miaka mingi zikajipanga zote chini ya tarehe ya leo.

Hayo ni madhara yake mwenyewe. Anayekuja kukaa kwenye kiti kile anakuta kikasha kitupu. Makubaliano na mkandarasi, malalamiko ya mjane kuhusu kiwanja, onyo la fundi kwamba nguzo ya daraja ina ufa, vyote vimo kwenye akaunti ya mtu aliyehamia mkoa mwingine, na nywila ni yake. Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002. Iliandikwa wakati karatasi bado ilitawala ofisini, lakini kumbukumbu ya umma haiachi kuwa ya umma kwa sababu iliandikwa kwenye skrini. Taasisi nyingi hukagua kompyuta, kiti na funguo za gari siku ya makabidhiano. Kikasha hakikaguliwi, na humo ndimo kazi ya mtu ilimo.

Kwa watengenezaji wa programu, hasa vijana wetu wanaojenga mifumo ya ofisi za hapa, ombi langu ni rejista: barua ikihamishwa, folda iliyoachwa ionyeshe imekwenda wapi na nani kaipeleka, ikinakiliwa, nakala itaje folda ya mwenzake. Kwako wewe unayejiandaa kukabidhi ofisi, barua za ofisi ziache zilipo. Ukihitaji baadhi kwa ushahidi wa kazi yako, omba ruhusa, zinakili, na uorodheshe kwenye hati ya makabidhiano ulizochukua. Zile za kwako binafsi, barua za mama na picha za watoto, zinakili kwanza kwenye akaunti yako, hesabu zilizofika, fungua viambatisho vichache uone kama vimetimia, ndipo uzifute za ofisini.